Kunusa Mvinyo Wakati wa Kuuonja

Kunusa mvinyo ni hatua ya uonjaji ambayo mtu huchunguza harufu ya kinywaji kabla ya kukitia kinywani, na kwa sehemu kubwa ndiyo inayoamua atasema nini juu yake. Ulimi hutambua utamu, ukali wa ndimu, uchungu, chumvi na umami, yaani ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Matunda, maua, viungo na moshi vinavyotajwa katika mvinyo ni kazi ya utando mdogo wenye neva ulio juu kabisa ndani ya pua.

Kwa sababu hiyo glasi ya kuonjea huwa na tumbo pana na mdomo uliobana, na humiminiwa mvinyo usiozidi theluthi, ili nafasi inayobaki ikusanye harufu. Mwonjaji hunusa kwanza glasi ikiwa imetulia, maana harufu nyepesi huruka zenyewe. Kisha huishika shina, huizungusha taratibu ili mvinyo utambae kwenye kuta na kukutana na hewa, halafu hunusa tena. Pumzi fupi mbili au tatu zinatosha, kwa kuwa pua huizoea harufu upesi mno na kuacha kuisikia. Mvinyo uliotoka kwenye jokofu ukiwa baridi sana hubana harufu yake, na wenye joto kupita kiasi hunukia pombe tupu.

Baadhi ya harufu hutoka kwenye zabibu yenyewe. Zabibu aina ya Sauvignon Blanc mara nyingi hunukia pilipili hoho mbichi, na Syrah, ambayo hulimwa pia Dodoma, huweza kunukia pilipili manga kutokana na kemikali iitwayo rotandoni. Takriban mtu mmoja kati ya watano hawezi kuisikia kemikali hiyo hata ikiwa nyingi, kwa hiyo watu wawili wanaobishana juu ya glasi moja huenda wote wanasema kweli. Harufu ya siagi huletwa na bakteria wakati wa uchachukaji, vanila hutoka kwenye mapipa ya mwaloni, na ngozi au uyoga huja na umri.

Anayeanza huhangaika na majina. Katika miaka ya 1980, Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichora gurudumu la harufu linalotumia vitu vya kawaida badala ya sifa kama “adhimu”. Kwa maoni yangu, aliyekulia kwenye zambarau na ukwaju aseme zambarau na ukwaju, kuliko kukariri matunda ya Ulaya asiyowahi kuyanusa.

Macho nayo huidanganya pua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux, Ufaransa, walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Baadhi ya waonjaji hutumia glasi nyeusi kwa ajili hiyo.

Harufu ya boksi lililolowa ni dalili ya kizibo kilichoharibika, nayo isikiwe mapema kabla pua haijaizoea. Harufu ya siki kali au ya rangi ya kupaka kucha huonyesha mvinyo uliochachuka vibaya. Mvinyo ukiwa safi, mwonjaji hupiga funda dogo, hulizungusha kinywani, na baada ya kulimeza au kulitema hutoa pumzi kupitia puani, kwani harufu hupanda pia kwa njia ya nyuma ya koo, na huko baadhi yake husikika kwa mara ya kwanza.