Tuhuma za "baseless" si lazima ziwe za uongo

Katika kazi yangu ya kuhariri tafsiri za habari, neno la Kiingereza linalonilazimu kushika kalamu nyekundu mara nyingi ni "baseless". Juzi nililetewa habari ambamo "baseless allegations" ilikuwa imegeuzwa kuwa "tuhuma za uongo". Nilifuta "za uongo", nikaandika "zisizo na msingi", na mfasiri akaniuliza kuna tofauti gani.

Tofauti ipo. Anayesema tuhuma ni za uongo anadai kuujua ukweli, ilhali anayesema hazina msingi anasema tu kwamba aliyezitoa hakuwa na ushahidi wa kuzisimamisha. Mtu akimtuhumu jirani yake kwa wizi wa kuku pasipo kuona hata unyoya, tuhuma hiyo haina msingi, hata ikitokea kesho yake kuku akakutwa chunguni kwa jirani huyohuyo.

Neno lenyewe ni kiunganiko cha sehemu mbili. "Base" iliingia Kiingereza kupitia Kifaransa na Kilatini kutoka Kigiriki "basis", ambayo awali ilimaanisha hatua ya mguu, kisha mahali pa kukanyaga, hatimaye kitako cha nguzo. "-less" inatokana na "-lēas" ya Kiingereza cha kale, yenye maana ya kukosa kitu. Haina nasaba na "less" ya upungufu, kwa hiyo anayefasiri "zenye msingi mdogo" amepotea. Shakespeare, katika tamthilia yake ya The Tempest ya mwaka 1611 hivi, alilitumia kuelezea njozi inayoyeyuka hewani kama jengo lisilosimama juu ya kitu. Siku hizi Mwingereza halitumii kwa nyumba, bali kwa yanayosemwa na yanayohisiwa: madai, uvumi, shaka, hofu.

Kiswahili hakina kivumishi cha neno moja hapa, nasi hatuna hasara, maana kirejeshi kinafuata ngeli ya nomino: uvumi usio na msingi, hofu isiyo na msingi, madai yasiyo na msingi. Wengine huandika "yasiyo na mashiko". Binafsi naihifadhi hiyo kwa hoja, kwa sababu hoja yaweza kuja na ushahidi wake kamili na bado ikaponyoka mkononi pindi unapoibana kwa swali la pili.