Amonaiti si konokono aliyegeuka jiwe

Katika maduka ya vito mjini Arusha, jiwe lile lililojiviringa huitwa konokono wa kale. Sivyo. Ni amonaiti, ndugu wa pweza na ngisi. Gamba lake limegawanywa vyumba vilivyounganishwa na mrija mwembamba, kitu ambacho konokono hana. Mnyama mwenyewe aliishi katika chumba cha mwisho tu. Walitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita.

Usiwatafute kwenye miamba ya volkano ya Meru. Wamo katika miamba ya bahari ya kale, kama ya Tendaguru, Lindi. Spishi zao zilibadilika upesi, hivyo hutambulisha umri wa tabaka la mwamba walimo. Ndiyo maana inaniuma kuona jiwe limeng'arishwa vizuri bila kuandikwa lilitoka tabaka gani: mtaalamu hapati tena cha kulisomea.