Bursa si lazima iwe soko la hisa

Juzi nimesoma tena kwamba "soko la kwanza la hisa duniani lilikuwa Bruges". Sentensi hii imenichosha, kwa sababu mji huo una sifa zake za kutosha na hauhitaji kuvikwa ya kuazima.

Bursa ni mahali ambapo wafanyabiashara hukutana kwa saa zinazojulikana wauziane vitu ambavyo havipo mbele yao: fedha za nchi nyingine, madeni, shehena iliyo ghalani au bado baharini na, baadaye sana, hisa. Soko la hisa ni aina moja tu ya bursa. Basi.

Utamu uko kwenye neno lenyewe. Kwa Kigiriki, byrsa ni ngozi iliyochunwa. Kilatini kikalichukua kama bursa, mfuko wa ngozi wa kutilia fedha. Humo Wafaransa wakapata bourse, na kupitia Kiingereza sisi Kenya tukapata basari, ile fedha ya karo ambayo wazazi huipangia foleni. Ndiyo maana mtu wa Lubumbashi akitaja bourse, huenda anazungumzia masomo ya mwanawe wala hana habari na hisa.

Kutoka mfuko hadi soko kuna hatua moja zaidi, nayo ilipigwa Bruges, mji wa Flanders ambao leo uko Ubelgiji. Ukoo wa Van der Beurse ulikuwa na nyumba ya wageni pale, na nembo yao ilikuwa mifuko mitatu. Mwenye nyumba ya wageni Bruges hakukodisha vitanda tu: alitunza mizigo ya mgeni wake, akamfanyia udalali, akamdhamini kwa wadai. Mbele ya nyumba hiyo palikuwa na uwanja mdogo, na majirani walikuwa wafanyabiashara wa Genoa, Venice na Florence, miji ya Italia. Jumba la Wagenoa la mwaka 1399 limesimama hadi leo. Watu wakazoea kuuita uwanja huo kwa jina la ukoo, na jina likasafiri nao. Lodovico Guicciardini, Mflorence aliyeishi Antwerp, alieleza asili hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1567.

Pale uwanjani waliuziana nini? Hasa hundi. Neno hilo sisi tulilipata kwa Wahindi, lakini shughuli yake Wataliano wa Bruges waliijua vizuri. Mmoja anahitaji fedha leo anunue vitambaa. Anazipokea kwa mwenzake na kumwandikia karatasi: mshirika wangu aliye Florence atamlipa mshirika wako, kwa florini, sarafu ya huko, baada ya miezi miwili. Hakuna sarafu iliyopandishwa farasi. Faida imejificha kwenye kiwango cha kubadilishia fedha, na kiwango hicho ndicho watu walichokwenda kukisikiliza uwanjani. Barua kutoka Bruges zenye viwango hivyo bado zipo Prato, karibu na Florence, katika nyaraka za mfanyabiashara Francesco Datini, aliyefariki mwaka 1410.

Watu hao hao ndio waliowalipa wachoraji. Tazama picha ya Arnolfini aliyoichora Jan van Eyck mwaka 1434: kando ya dirisha pana machungwa, matunda yaliyosafiri kutoka kusini hadi kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa Lucca. Naye Angelo Tani, aliyepata kuwa meneja wa benki ya Medici, ukoo wa Florence, mjini Bruges, alimwagiza mchoraji Hans Memling picha kubwa ya Siku ya Hukumu. Ikapakiwa melini kwenda Florence, ikatekwa baharini mwaka 1473, na hadi leo iko Gdańsk, Poland. Mchoro nao ulikuwa shehena.

Hisa za kuuzwa na kununuliwa kila siku zilikuja na Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, na soko lake lilikuwa Amsterdam. Kufikia hapo mkono wa bahari wa Zwin, uliowaletea Bruges meli, ulikuwa umejaa mchanga, na wafanyabiashara walikwisha kuhamia Antwerp, mji uliofungua jengo lake la bursa mwaka 1531.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeandika, sema Bruges iliipa dunia jina la bursa. Hizo hisa tuwaachie Amsterdam.