George Eliot hakujificha kwa sababu wanawake walikatazwa kuandika

Katika insha za wanafunzi, katika vipindi vya redio, na hata katika dibaji zilizoandikwa na watu waliopaswa kujua zaidi, nakutana na dai lile lile: kwamba Mary Ann Evans alijiita George Eliot kwa sababu katika Uingereza ya karne ya 19 mwanamke hakuruhusiwa kuchapisha riwaya. Wiki hii limenifikia tena, safari hii kutoka kwa mwalimu mwenzangu, na uvumilivu umeniishia.

Hakuna aliyewakataza. Ann Radcliffe alilipwa pauni 500 kwa riwaya moja mwaka 1794. Harriet Martineau alijipatia umaarufu katika miaka ya 1830 kwa jina lake mwenyewe, tena kwa kuandika kuhusu uchumi. Margaret Oliphant alikuwa tayari akiandika katika jarida lile lile la Blackwood lililompokea Eliot. Riwaya ya kwanza ya Jane Austen, iliyotoka mwaka 1811, ilificha jina lake lakini ikatangaza waziwazi kuwa mwandishi ni mwanamke. Kwa upande mwingine, Walter Scott, mwanamume na mwanasheria mwenye heshima zake, alitoa riwaya bila jina tangu mwaka 1814 na hakukiri hadharani hadi mwaka 1827. Kuficha jina ilikuwa desturi ya soko la vitabu, nao wanaume waliifuata bila mtu yeyote kuwaonea huruma.

Ushahidi mzito kuliko wote ndio usiotajwa kamwe. Mwaka 1854 ilichapishwa London tafsiri ya kitabu cha Ludwig Feuerbach, Mjerumani aliyedai kwamba Mungu ni taswira ya sifa za binadamu mwenyewe, na katika ukurasa wa jina mfasiri ametajwa: Marian Evans, jina ambalo Mary Ann alilitumia wakati huo. Hicho ndicho kitabu pekee alichowahi kukitoa kwa jina lake halisi. Ikiwa jina la mwanamke liliweza kukaa juu ya kitabu cha kuudhi makasisi namna hiyo, basi lingeweza kukaa pia juu ya hadithi tulivu za makasisi wa vijijini, ambazo ndizo alizoanza nazo. Kwa hiyo swali la maana ni hili: ni jambo gani lilitokea kati ya mwaka 1854 na mwaka 1857, alipoanza kujiita George Eliot?

Lililotokea ni George Henry Lewes, mwandishi na mhakiki. Mnamo Julai 1854 Marian alifuatana naye Ujerumani, kisha wakarudi na kuishi pamoja kama mume na mke, ilhali Lewes alikuwa na mke wa ndoa, Agnes, aliyekuwa amezaa na mwanamume mwingine, Thornton Hunt. Lewes alikubali mtoto wa kwanza wa uhusiano huo aandikishwe kama wake, na kwa sheria ya wakati huo mume aliyeridhia uzinzi hakuwa na njia ya kupata talaka. Jamii ya London iliendelea kumwalika Lewes mezani, lakini mwanamke wake haikumwalika. Isaac, kaka yake Marian, alipopata habari mwaka 1857 alikata uhusiano naye kabisa, na hakumwandikia tena hadi mwaka 1880. Jina lililohitaji kufichwa lilikuwa la mwanamke huyo mahususi, ambaye wauzaji wa vitabu na wenye maktaba za kuazimisha wangemjua kwa kashfa yake kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Hata hivyo, siwezi kudai kwamba jinsia haikuhusika, na hapa maelezo yangu mwenyewe yana nyufa. Mwaka 1859 Lewes alimwandikia rafiki yao Barbara Bodichon kwamba shabaha ilikuwa kitabu kipimwe kwa thamani yake, kisihukumiwe mapema kama kazi ya mwanamke, au ya mwanamke fulani. Wengi hunukuu nusu ya kwanza ya maneno hayo na kuiacha ya pili; mimi nina kishawishi cha kufanya kinyume chake. Kisha kuna makala aliyoiandika Marian mwenyewe mwaka 1856, muda mfupi kabla ya kuanza hadithi yake ya kwanza, akiwakejeli wanawake waliotunga riwaya za kipuuzi. Dharau ile aliyoihofia kwa wahakiki aliijua vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mhakiki na alikuwa ameigawa kwa ukarimu.

Siri ilivuja mwaka 1859, baada ya mtu mmoja, Joseph Liggins wa mji wa Nuneaton, kudhaniwa kuwa ndiye George Eliot na kusifiwa kwa vitabu ambavyo hakuandika hata mstari wake mmoja. John Blackwood, mchapishaji, aliingiwa na hofu ya mauzo. Mwaka uliofuata riwaya yake The Mill on the Floss iliuzwa vizuri, na mwaka 1862 jarida la Cornhill likampa pauni 7,000 kwa riwaya nyingine, Romola, kila mtu akijua George Eliot ni nani. Jina hilo alilitumia hadi mwisho, takriban miaka 20 baada ya siri kuisha. Ndiyo maana kampeni ya mwaka 2020 iliyotoa upya riwaya yake Middlemarch kwa jina la Mary Ann Evans, eti kumrudishia haki yake, ilinikera: wakati wa kuandika riwaya ile alijiita Marian, na alisisitiza aitwe Bi. Lewes.

Alipofariki mnamo Desemba 1880, marafiki walitaka azikwe Westminster Abbey, kanisa la London wanamozikwa watu mashuhuri. Mwanasayansi Thomas Huxley, ambaye hakuwa mtu wa dini, alipinga, akisema kwamba maisha ya marehemu yalikuwa yamekwenda kinyume na mafundisho ya Kanisa kuhusu ndoa. Kuhusu haki ya mwanamke kutunga riwaya hakukuwa na ubishi wowote. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London, karibu na Lewes, na jiwe lake la kumbukumbu liliwekwa Abbey mwaka 1980.