Themostati haiongezi kasi ya joto

Kila baridi ikiingia huku Uingereza, nasikia maneno yaleyale kwenye nyumba za Waswahili wenzangu: "Peleka themostati thelathini, nyumba ipate moto chapchap." Mtu ametoka kazini, vidole vimekufa ganzi, hata koti hajavua, anakizungusha kile kidude cha ukutani mpaka kigote. Nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa wazee, na juzi kwa fundi aliyekuja kubadilisha rejeta, lile bati la ukutani linalopitisha maji moto kupasha chumba. Kama na fundi anasema hivyo, basi tuelezane.

Themostati ni swichi inayopima joto. Unaipangia kiwango, nayo inakilinganisha na hewa ya chumbani. Chumba kikiwa chini ya kiwango, inaamuru boila, yaani mtambo wa gesi unaopasha maji ya rejeta, iwake. Kikifikia, inaamuru izime. Amri ya tatu haina. Chumba kikiwa na nyuzi 14, uweke 20 au uweke 30, kinachofika kwenye boila ni neno moja tu: washa. Nyuzi 20 utazipata kwa muda uleule. Tofauti inakuja baadaye, pale ambapo ile ya 20 imezima na ile ya 30 bado inachoma gesi, watu wamejisahau mbele ya televisheni, mpaka mmoja anafungua dirisha kwa sababu ya fukuto. Hilo dirisha ndilo linaloniuma. Hela iliyolipwa kwa gesi inatoka nje.

Jinsi themostati inavyofanya kazi tunaijua tangu nyumbani, kwa kuwa pasi ya umeme inayo. Ndani mna kibati chembamba cha metali mbili zilizogandamizwa pamoja, moja hutanuka kwa joto kuliko mwenzake. Pasi ikipata moto kibati kinapinda, kinaachana na mguso wa umeme, unasikia "tik," taa inazimika. Ikipoa kinanyooka, taa inawaka tena. Mskochi Andrew Ure alichukua hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya themostati ya aina hiyo mwaka 1830. Anayepiga pasi anajua kwamba ukiiweka kwenye alama ya pamba haipati moto mapema kuliko ukiiweka kwenye hariri; inaendelea tu kupanda pale ambapo ya hariri ingesimama.

Ile ya chumbani ina asili inayoonyesha kazi yake vizuri zaidi. Warren Johnson alikuwa mwalimu katika chuo cha ualimu huko Whitewater, Wisconsin, Marekani. Mtunza jengo ilimbidi apite darasa hadi darasa kuangalia joto, kisha ashuke kwenye tanuri chini ya jengo kurekebisha, na kila akiingia somo linakatika. Johnson akabuni kifaa cha umeme cha kupima joto darasani na kupiga kengele huko chini, akapata hataza mwaka 1883. Kilikuwa kinapeleka habari tu. Moto uliwashwa na mwingine, mahali pengine. Mpaka leo themostati ni mjumbe, na mjumbe ukimfokea hafiki na jibu mapema.

Je, nguvu ya joto inapangwa wapi? Kwenye boila yenyewe. Kuna kipimo cha joto la maji yanayokwenda kwenye rejeta, na nyumba nyingi hakijaguswa tangu siku boila ilipofungwa, mara nyingi kikiwa nyuzi 75 au 80. Watu wanavichanganya hivi viwili kila siku, na ndiko pesa ziliko. Boila za gesi zilizofungwa Uingereza tangu 2005 karibu zote ni za kutonesha: mvuke wa maji ulio kwenye moshi hugeuka matone na kurudisha joto lake kwenye mfumo badala ya kutoka nalo nje. Lakini hutona tu ikiwa maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yako chini ya nyuzi 55 hivi. Ukiyatoa kwa 80, yanarudi na 60, na ule ubora uliolipia haufanyi kazi. Ukiyashusha hadi 60 au 55, rejeta hazitakuwa za moto kama zamani na nyumba itapanda polepole, ila gesi itapungua. Ikitona sawasawa, bomba dogo la plastiki litokalo kwenye boila linadondosha maji. Kukiwa na barafu bomba hilo huganda na boila ikazima. Limwagie maji ya uvuguvugu, yasiwe ya kuchemka.

Kama boila yako inapasha maji ya bomba papo hapo, ina mipangilio miwili: wenye picha ya rejeta na wenye picha ya bomba. Shusha wa rejeta. Lakini kama una tangi la maji moto, usishushe ovyo, maana maji ya tangini yanatakiwa kufikia nyuzi 60 ili bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wasizaane. Na kufungua kifuniko cha boila ya gesi ni kazi ya fundi aliyesajiliwa, hapo hakuna ujanja.

Haki itendeke: zipo themostati mpya zinazozungumza na boila na kuipangia hata joto la maji. Hizo kweli huongeza nguvu chumba kikiwa mbali na kiwango, na kwa kufanya hivyo hupandisha joto la maji ambalo tumetaka lishuke. Walioko Marekani wenye pampu za joto, yaani mashine za umeme zinazovuta joto la nje na kuliingiza ndani, wana sababu kubwa zaidi ya kuacha mtindo huu: ukiruka nyuzi nyingi kwa mkupuo, mfumo huwasha hita za umeme za akiba, na hizo hula umeme mwingi sana.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyetoka kwenye baridi, weka 19 au 20 uiache. Shirika la Afya Duniani linataja 18 kama kiwango salama cha chini kwa wengi. Kwa mtoto mchanga au mzee, pandisha kidogo. Saa ikipita na bado mnatetemeka, usirudi ukutani. Shika rejeta: kama juu ni baridi na chini ni moto, ina hewa, itoe kwa ufunguo wake. Tazama geji ya boila: mfumo ukiwa umepoa, shinikizo liwe kati ya baa 1 na 1.5. Angalia na betri za themostati, na kama kuna aliyeiwekea taa ya mezani karibu, kwa sababu itakuwa inapima joto la taa.