Nyota wa Dar hatakujazia ukumbi kila wiki

"Dodoma hakuna wachekeshaji. Nitaleta nyota kutoka Dar, ukumbi utajaa." Mwezi huu nimeambiwa hivyo mara tatu, na watu watatu wenye mtaji mkononi. Kazi yangu ni kuwashauri wanaofungua kumbi za burudani, na hakuna kauli inayoniumiza kama hii, maana nimeona akiba za watu zikiteketea kwa sababu yake.

Nyota anajaza, ndiyo, usiku mmoja. Ukumbi wa vichekesho ni biashara ya kila wiki. Chukua viti 120 kwa kiingilio cha shilingi 10,000: ukijaza mpaka kiti cha mwisho umepata 1,200,000. Humo mlipe nyota, nauli, hoteli, matangazo, MC na fundi wa sauti, kisha uniambie pango utalilipa na nini. Wiki inayofuata ukimpandisha chipukizi wa hapa, watu hawaji. Umeshawazoesha kwamba kwako huja mtu maarufu, basi wanamsubiri mtu maarufu.

Halafu kuna dakika za vichekesho vipya, ambazo hakuna mteja wangu anayezihesabu. Mwanamuziki akirudia wimbo, watu wanaimba naye. Mchekeshaji akirudia kichekesho, ukumbi unanyamaza. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, lakini wanaotoka usiku kwenda kucheka ni walewale, na Alhamisi ijayo wanataka kipya. Kipya hicho kinatungwa na mtu anayeishi nao.

Kijana mmoja wa chuo alikuwa na kisa cha mtumishi aliyehamishiwa Dodoma, familia ikabaki Dar. Mara ya kwanza alikisimulia dakika nne nzima, watu wakawa wanachezea simu. Wiki iliyofuata akaondoa safari ya treni, kisha akaondoa bosi. Kufikia wiki ya sita alibakiwa na baba anayepiga simu ya video usiku, na mtoto anaita jikoni: "Mama, anko wa Dodoma anapiga!" Sekunde arobaini, na ukumbi ukalipuka, kwa sababu nusu ya waliokaa pale ni huyo baba.

Ndiyo maana namwambia kila mteja: anza na usiku wa majaribio, kila wiki, miezi sita kabla ya kumpigia nyota yeyote. Dakika tano kila mmoja, na taa ndogo nyuma ya ukumbi ya kumjulisha muda umekwisha. Hapo silegezi. Na vipaji vipo: nenda harusini ukamsikilize MC anayewashika wakwe, kamati na watoto kwa muda wa saa tano bila karatasi. King Majuto mwenyewe alikuwa mtu wa Tanga.

Hapo wateja huanza kunipinga. "Stendapu ni ya Wazungu, sisi tunapenda maigizo." Onyesho la Cheka Tu la Dar es Salaam ni stendapu, mchekeshaji mmoja na kipaza sauti, na watu wanalipa kiingilio. Na anayejua utani wa misibani kwetu hawezi kusema Mtanzania hajazoea mtu mmoja kusimama na kuchekesha umati.

"Bunge likiahirishwa mji unakufa." Wabunge wanaondoka, wizara zinabaki. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kipo tangu 2007. Kinachokuumiza ni Ijumaa, watu wanapokimbilia Dar, hasa tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Dar mwaka 2024. Fanya Jumatano au Alhamisi, na upunguze ratiba vyuo vikifungwa.

"Baa ninayo, naongeza spika tu." Zima runinga yenye mpira kwanza. Sogeza viti vigusane, maana kicheko huambukizwa na aliye jirani. Watu themanini kwenye chumba kidogo cha dari fupi wanacheka. Themanini haohao kwenye ukumbi wa harusi wa watu mia tano wanaoneana aibu.

"Chipukizi anapata jina, malipo baadaye." Mwaka 1979 wachekeshaji wa Comedy Store, ukumbi wa vichekesho wa Los Angeles, Marekani, walikuwa wakipanda jukwaani bila kulipwa huku ukumbi ukikusanya viingilio. Waligoma, na wakaanza kulipwa. Yule kijana wa chuo ndiye atakayekurudishia watu wiki ijayo. Mpe hata elfu ishirini, mkononi, usiku uleule, kabla hajapanda bodaboda.