Makabati ya Jikoni: Maneno ya Shorumu na Ukweli Wenyewe

“Picha ya kompyuta nimeiona, jiko litakuwa vilevile.” Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Picha ile imetengenezwa ipendeze. Haikwambii ubao una milimita 16 au 18, wala soketi ya friji itaangukia nyuma ya droo ipi. Kabla ya kutoa advansi, dai mchoro wenye vipimo na orodha ya vifaa, vyote vikiwa na sahihi ya muuzaji. Akikwambia mchoro utatoka baada ya malipo, muulize sasa unalipia nini.

Makabati ya chini kwa kawaida yana kina cha sentimita 60 hivi, na meza yake husimama 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Watu huchukulia hiyo ni sheria. Si sheria. Mama mfupi anayesonga ugali kila siku, ukimpa meza ya 90 kisha ukatua jiko la gesi juu yake, sufuria inamfikia kifuani na mwiko haupati nguvu. Asimame mbele ya meza ya shorumu, akunje viwiko, ajipime. Upande wa jiko unaweza kushushwa peke yake. Na vipimo vya mwisho vichukuliwe plasta na marumaru zikishakamilika, maana sentimita 2 tu zinatosha kabati kugoma kuingia.

“Hii ni marini bodi, haiogopi maji.” Muuzaji anamaanisha plaiwudi ya kustahimili maji. Omba kipande kilichokatwa, utazame ukingo. Ukiona tabaka juu ya tabaka, hiyo ni plaiwudi. Unga wa mbao ulioshindiliwa ni MDF. Chembechembe za mbao ni chipubodi. Hata hivyo plaiwudi huwa ya marini kwa gundi yake isiyoachia majini, na gundi jicho haliioni, kwa hiyo neno hilo liandikwe kwenye dhamana. MDF si mbaya kwa milango. Chini ya sinki ndipo inapovimba, hasa kingo zikiachwa wazi.

Graniti, lile jiwe la juu ya meza, nayo hushika doa la mafuta na la bizari ya manjano isipopakwa dawa ya kuziba vinyweleo.

“Shorumu ni uhakika kuliko fundi wa Keko,” mtaa wa mafundi samani Dar es Salaam. Kiyoyozi hakitengenezi kabati. Uliza karakana iko wapi, uende ukaone. Bei ya kwa mita nayo uichambue: je, ina graniti, sinki, vishikio, usafiri, ufungaji na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani? Kwa Tanzania Bara VAT ya kawaida ni asilimia 18, Kenya 16, na hiyo peke yake inaweza kupindua hesabu.

Mwisho, mtungi wa gesi. Wengi hupenda ufichwe kabatini upendeze. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini. Kabati hilo litobolewe matundu ya hewa usawa wa sakafu, au bora zaidi mtungi ukae nje na bomba la chuma lipite ukutani.